Wabera na Dhamana ya Cheo

Wengi wetu wa pwani tukifika Nairobi hupita Barabara ya Wabera bila ya kujiuliza huyo Wabera alikuwa nani. Nami nilikuwa hivyo hivyo, hata safari iliponifikisha Ngaremara, nje ya mji wa Isiolo, kando ya njia kuu iendayo Marsabit. Pale, kivulini pamoja na wazee wafugaji, nililisikia jina hilo likitajwa kwa heshima, nikaona haya kwa kutolijua.

Daudi Dabasso Wabera alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Mkuu wa Wilaya ya Isiolo. Kiti chenyewe kilikuwa cha moto. Watu wengi wa Kaskazini, hasa Waislamu, walitaka kujiunga na Somalia, na tume iliyokwenda kuwasikiliza mwaka 1962 iliyakuta hayo. Hata hivyo, Machi 1963 Uingereza iliamua nchi hiyo ibaki Kenya. Sisi wa pwani uchungu wa mambo hayo twaujua, kwani mwaka huo huo tulikuwa na letu la Mwambao, lililomalizwa kwa mapatano ya Oktoba 1963.

Wabera aliona ya kuwa heri ya watu wake ilikuwa ndani ya Kenya. Wapo waliomwamini, na wapo waliomkataa kabisa. Hapa sipimi nani alikuwa na haki. Ninalolitazama ni kwamba mwenye cheo kile angeweza kukaa ofisini na kutoa amri. Yeye alishika njia, pamoja na Haji Galma Dido, chifu mkubwa wa Waborana na Mwislamu mwenye kuheshimiwa. Mmoja alikuwa na sauti serikalini, wa pili alikuwa na sauti kwa wazee. Sauti hizo walizitumia kuwashawishi watu.

Tarehe 28 Juni 1963, wote wawili waliuawa kwa risasi upande wa Modogashe. Uhuru ulikuwa umebakisha miezi isiyotimia sita.

Baada yao bunduki ikashika mahali pa mazungumzo. Vita vya shifta vilidumu hadi 1967. Wafugaji walikusanywa vijijini chini ya ulinzi wa askari, mifugo ikateketea, na watu waliokuwa na mali wakabaki mikono mitupu. Majeraha ya siku hizo hayajapona yote.

Ndugu msomaji, mji wa Isiolo una shule na wadi zenye jina la Wabera. Lakini kumbukumbu iliyo bora ni kufuata mwendo wake. Imamu, mwalimu, tajiri, mzee wa mtaa, kila mmoja ana watu wanaomsikiliza. Sote tu wachunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya kundi lake.