Henry Wood: Aliyewafungulia makabwela mlango wa muziki wa okestra

KILA mwaka, ifikapo katikati ya Julai, foleni ndefu huonekana nje ya ukumbi wa Royal Albert Hall jijini London, Uingereza. Wengi wa walio katika foleni hiyo si matajiri. Ni wanafunzi, wafanyakazi wa ofisini, wastaafu na wageni wanaosubiri nafasi ya kusikiliza muziki wakiwa wamesimama, kwa tiketi ya bei ndogo.

Ndani ya ukumbi, mbele ya kinanda kikubwa cha filimbi, huwekwa sanamu ya kichwa cha mtu aliyefariki dunia mwaka 1944. Usiku wa mwisho wa msimu huo, unaoendelea hadi Septemba, wasikilizaji wa kusimama huivisha sanamu hiyo shada la maua.

Mwenye sanamu hiyo ni Sir Henry Wood, kiongozi wa okestra aliyeyaongoza matamasha hayo, maarufu kwa jina la Proms, kwa karibu nusu karne. Ndiye aliyethibitisha kwamba muziki uliodhaniwa kuwa wa mabwana na mabibi ungeweza kupendwa na karani, fundi na muuza duka, mradi tu mlango ufunguliwe kwa utaratibu.

Kwa msomaji asiyeufahamu muziki huu, okestra ni kundi kubwa la wapigaji wa fidla, sello, filimbi, tarumbeta na ngoma, pengine 80 au zaidi, wanaopiga kwa kusoma nota chini ya kiongozi mmoja mwenye fimbo ndogo mkononi. Wapenzi wa taarabu asilia ya Zanzibar wanazijua fidla na sello. Tofauti kubwa ni wingi wa wapigaji, na urefu wa tungo zenyewe, kwani utunzi mmoja waweza kuchukua dakika 40 au hata saa nzima bila neno moja kuimbwa.

Urefu huo ndio uliowatisha wengi. Bei ya tiketi nayo iliwatisha waliobaki.

Mtoto wa muuza duka

Henry Joseph Wood alizaliwa Machi 3, 1869, katika mtaa wa Oxford Street, London, akiwa mtoto pekee wa wazazi wake. Baba yake alikuwa na duka, akijulikana kwa ustadi wa kutengeneza mifano midogo ya mitambo. Mama yake alikuwa na asili ya Wales, nchi inayosifika kwa waimbaji.

Nyumba hiyo haikuwa ya kifahari, lakini ilikuwa ya muziki. Baba aliimba katika kwaya ya kanisa na kupiga sello. Mama ndiye aliyemfundisha mwanawe piano. Kinanda cha kanisani alijifunza katika kanisa la St Sepulchre, na alipofikia umri wa miaka 10 tayari alikuwa akishika zamu ya kupiga kinanda katika kanisa jingine la London.

Akiwa na miaka 17 alijiunga na chuo cha muziki cha Royal Academy of Music, ambako alisoma kwa miaka miwili. Alitamani kuwa mtunzi, lakini maisha yalimwelekeza kwingine. Alifundisha kuimba, akasafiri na vikundi vya opera mikoani, akajifunza kazi ya kuongoza wapigaji katika mazingira magumu, ambako wapigaji walikuwa wachache na muda wa mazoezi haukutosha.

Mwaka 1892, akiwa na miaka 23 tu, aliongoza jijini London onyesho la kwanza nchini Uingereza la opera ya Eugene Onegin ya Mrusi Pyotr Tchaikovsky. Jina lake likaanza kusikika.

Agosti 10, 1895

Mtu aliyeyabadili maisha yake alikuwa Robert Newman, meneja wa ukumbi mpya wa Queen's Hall uliofunguliwa mwaka 1893. Newman alikuwa na ndoto ya kuandaa matamasha ya kila usiku, ya bei nafuu, yatakayowafunza watu wa kawaida kuupenda muziki wa okestra hatua kwa hatua. Kwanza wapewe vitamu wanavyovijua, kisha polepole wapandishwe ngazi.

Ikumbukwe kwamba matamasha ya aina hiyo hayakuwa mageni. Tangu miaka ya 1830 palikuwapo London matamasha yaliyowaruhusu wasikilizaji kutembeatembea ukumbini muziki ukipigwa, na neno Proms linatokana na kutembea huko. Kilichokuwa kipya ni nia ya kuyafanya shule, si burudani ya kupotezea muda peke yake.

Fedha zilitoka kwa Dk George Cathcart, tabibu wa koo na masikio. Yeye alitoa masharti mawili: Wood awe kiongozi pekee, na okestra ishushe kiwango cha sauti kilichotumika Uingereza wakati huo, kwani aliamini kiwango hicho cha juu kilikuwa kikiharibu koo za waimbaji. Masharti yote mawili yalikubaliwa.

Usiku wa Agosti 10, 1895, Wood, akiwa na umri wa miaka 26, alipanda jukwaani na kuanza kwa utangulizi wa opera ya Rienzi ya Mjerumani Richard Wagner. Aliyetaka kusimama alilipa shilingi moja tu, yaani sehemu ya 20 ya pauni. Watu waliruhusiwa kula, kunywa na kuvuta sigara. Walichoombwa ni kutowasha viberiti wakati mwimbaji anaimba.

Mpangilio wa usiku ulikuwa wa busara. Vipande vilikuwa vingi na vifupi. Sehemu ya pili ilikuwa nyepesi zaidi, ikiwa na mchanganyiko wa nyimbo kutoka opera mashuhuri kama Carmen ya Mfaransa Georges Bizet, nyimbo za kupendwa na watu wote, na umahiri wa mpiga koneti. Mgeni aliyekuja kwa ajili ya vitamu hivyo alijikuta amesikia pia kipande cha Wagner au Beethoven.

Haikuchukua muda, Jumatatu ikawa siku ya Wagner na Ijumaa ikawa ya Beethoven. Hivyo msikilizaji aliyeanza kwa koneti aliweza, baada ya misimu michache, kukaa kimya akisikiliza simfonia nzima.

Nidhamu ya chuma

Kazi hiyo ilikuwa nzito kupita kiasi. Okestra ilipiga usiku sita kwa wiki, kwa majuma kadhaa mfululizo, huku muda wa mazoezi ukiwa asubuhi chache tu. Wood alikabiliana na hali hiyo kwa maandalizi. Aliziwekea nota alama kwa penseli nene za rangi, akapanga mazoezi kwa dakika, na kutumia fimbo nyeupe iliyokuwa ndefu kuliko ya viongozi wengine ili kila mpigaji aione. Kabla ya tamasha, kila mpigaji alipaswa kuhakikiwa kwanza kama ala yake imelingana na za wenzake.

Tatizo kubwa lilikuwa mtindo wa wapigaji kutuma watu wa badala. Mpigaji aliyepata kazi yenye malipo bora zaidi kwingine alimtuma mwenzake, na aliyefanya mazoezi asubuhi hakuwa lazima ndiye aliyepiga usiku. Mwaka 1904 Newman na Wood waliupiga marufuku mtindo huo.

Matokeo yake, wapigaji wapatao 40 walijiuzulu na kuanzisha okestra yao, London Symphony Orchestra, ambayo ipo hadi leo. Wood alibaki na pengo kubwa, lakini hakurudi nyuma. Mwaka 1913 aliwaingiza wanawake katika okestra yake, jambo ambalo si la kawaida katika okestra kubwa za wakati huo.

Wala hakuwaachia wasikilizaji wake vitamu peke yake. Septemba 3, 1912, katika tamasha la Proms, alipiga kwa mara ya kwanza duniani vipande vitano vya okestra vya Arnold Schoenberg wa Austria, muziki uliokuwa mgeni kabisa masikioni. Sehemu ya wasikilizaji walicheka na kuzomea. Wood hakukata tamaa, bali alimwalika mtunzi huyo mwenyewe kuja London, naye akaja kuuongoza muziki wake Januari 1914.

Wapo waliomkosoa kwamba alipiga vitu vingi mno kwa mazoezi machache mno, na kwamba ubora ulipungua kwa sababu hiyo. Lawama hiyo haikukosa ukweli. Hata hivyo, walio wengi waliosimama ukumbini wasingalizisikia tungo hizo popote pengine.

Wafadhili waanguka, tamasha labaki

Tiketi ya shilingi moja ilikuwa na gharama yake, na gharama hiyo ililazimika kubebwa na mtu. Mwaka 1902 Newman alifilisika. Nafasi yake ya ufadhili ikachukuliwa na tajiri wa benki, Sir Edgar Speyer, aliyezaliwa Marekani kwa wazazi wa Kiyahudi wenye asili ya Ujerumani.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, chuki dhidi ya Wajerumani ilimwandama Speyer hadi akaondoka Uingereza mwaka 1915. Palikuwapo pia shinikizo la kuufuta muziki wa Kijerumani, na usiku mmoja wa Wagner ulifutwa Agosti 1914. Lakini Newman na Wood walishikilia msimamo kwamba kazi za watunzi wakuu ni mali ya dunia nzima, na Wagner na Beethoven wakaendelea kupigwa huku vita vikirindima.

Kampuni ya muziki ya Chappell ndiyo iliyochukua mzigo baada ya Speyer. Newman akafariki dunia mwaka 1926, na mwaka uliofuata Chappell nayo ikajitoa. Ilionekana kama mwisho umefika, hadi shirika la utangazaji la BBC lilipoyachukua matamasha hayo mwaka 1927. Tangu hapo, aliyekosa hata nauli ya kufika ukumbini aliweza kusikiliza kwa redio.

Wood angeweza kuyakimbia mashaka hayo yote. Mwaka 1918 alipewa nafasi ya kuongoza okestra ya Boston, Marekani, mojawapo ya bora duniani. Alikataa, akiona wajibu wake uko nyumbani.

Katika maisha binafsi hakukosa majonzi. Mkewe wa kwanza, Olga, mwimbaji mwenye asili ya Urusi, alifariki dunia mwaka 1909. Ndoa yake ya pili, aliyoifunga mwaka 1911, ilimpa mabinti wawili lakini haikuwa na furaha, na miaka yake ya mwisho aliishi na mwanafunzi wake wa zamani, Jessie. Mwaka huohuo wa 1911 ndipo alipopewa heshima ya Sir.

Ukumbi wateketea

Mwaka 1938 alitimiza miaka 50 ya kuongoza muziki. Mtunzi Ralph Vaughan Williams alimtungia kazi maalumu kwa ajili ya waimbaji 16, na katika tamasha hilohilo Mrusi Sergei Rachmaninoff alipiga piano. Mapato yalikwenda kugharimia vitanda vya hospitali kwa ajili ya wanamuziki wagonjwa.

Vita Kuu ya Pili haikumpa nafasi ya kupumzika. Katika msimu wa 1940, ndege za Ujerumani ziliposhambulia London, wasikilizaji walilazimika kubaki ukumbini hadi usiku wa manane, na wanamuziki waliendelea kuwatumbuiza ili hofu ipungue.

Usiku wa Mei 10, 1941, mabomu ya moto yaliuteketeza ukumbi wa Queen's Hall, nyumba ya Proms tangu mwanzo. Katika vifusi ilipatikana sanamu ya Wood ikiwa salama, ndiyo hiyo inayovishwa shada la maua hadi leo. Miezi miwili baadaye, mzee huyo wa miaka 72 alikuwa jukwaani tena, safari hii katika ukumbi wa Royal Albert Hall.

Msimu wa 1944, wa 50 tangu kuanzishwa, ulikatizwa jijini London kutokana na mabomu yaliyojiendesha yenyewe kutoka ng'ambo ya bahari. Matangazo ya redio yaliendelea kutoka mji wa Bedford. Huko, Julai 28, Wood aliongoza Simfonia ya Saba ya Beethoven, nayo ikawa kazi yake ya mwisho. Alifariki dunia Agosti 19, 1944, akiwa na miaka 75. Majivu yake yamehifadhiwa katika kanisa la St Sepulchre, alikojifunzia kinanda akiwa mtoto.

Tangu wakati huo matamasha hayo hayajakoma. Hata mwaka 2020, ugonjwa wa Uviko-19 ulipofunga kumbi duniani, okestra zilipiga mbele ya viti vitupu na watu wakasikiliza majumbani.

Somo la maisha yake bado linawahusu wote wanaosimamia sanaa. Wood hakuwadharau wageni wa muziki kwa kuwapa vitamu, wala hakuwadharau kwa kuwapa vitamu peke yake. Aliwakaribisha kwa wimbo wanaoupenda, akawaamini kwamba wataweza kusikiliza zaidi, na bei ya mlangoni akaiacha pale ambapo karani na fundi wangeweza kuifikia.