Laennec, munganga aliyesikiliza moyo kwa karatasi

Ile stetoskopi munaona shingoni mwa wanganga wa Beni na Butembo, wa kwanza kuitengeneza ni Mfaransa René Laennec, aliyezaliwa Quimper mwaka 1781. Mama yake alikufa yeye angali mutoto.

Mwaka 1816, kwenye hospitali Necker ya Paris, alipokea binti mnene mwenye kuumwa moyo. Kumuwekea sikio kifuani ilikuwa haya. Akakunja karatasi kama bomba, akasikiliza: kumbe moyo unasikika vizuri zaidi! Kisha akachonga bomba la mbao.

Katika vifua vingine alisikia sauti ya kupuliza, kama mivukuto ya mufua chuma. Njo ile wanganga wetu wanaita sufle. Chanzo chake hakukipata. Aliwaza moyo unajikaza tu. Leo inajulikana ni damu inapita kwa vurugu: mara mingi kwa mutoto muzima kabisa, mara ingine sababu valvu imeharibika ao moyo uko na tundu. Sikio peke halitoshi kutenganisha. Njo maana munganga anauliza kama mutoto anachoka akinyonya, anaangalia midomo kama inageuka bluu, na akiwa na mashaka anaomba ekografi ya moyo.

Laennec alikufa tarehe 13 Agosti 1826, na miaka 45. Kifua kikuu kilimuua. Mujamaa wake Mériadec, naye munganga, alikuwa amekisikia kwa bomba lile la mbao.