Mwenyeheri Irene Stefani, Nyaatha wa Gikondi

Katika jubilei hii tumkumbuke mama aliyefanya utume Nyeri, si mbali nasi watu wa Thika na Ruiru.

Alizaliwa Anfo, Italia, tarehe 22 Agosti 1891, akaitwa Aurelia. Mwaka 1911 alijiunga na Masista Wamisionari wa Konsolata, akapewa jina la Irene. Mapema mwaka 1915 alifika Kenya, Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea. Alitumwa kuwauguza wapagazi wa jeshi, waliotuachia jina la Kariokor jijini Nairobi. Huko Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam aliwaosha vidonda, akawalisha, akawafundisha imani na kuwabatiza wengi waliokuwa wakikata roho.

Kuanzia mwaka 1920 alikaa Gikondi. Alifundisha watoto, akapanda na kushuka vilima kuwatembelea wagonjwa. Mama aliyekuwa na mtoto kazini mjini aliandikiwa barua naye. Watu wakamwita Nyaatha, yaani mama wa huruma. Mwaka 1930 alimuuguza mwalimu mwenye tauni, naye akaambukizwa. Alifariki tarehe 31 Oktoba, akiwa na miaka 39.

Mwaka 1989, vita vikiwaka kule Nipepe, Msumbiji, waumini waliojificha kanisani walimwomba awaombee. Maji machache ya kisima cha ubatizo yakawatosha kwa siku kadhaa. Kanisa liliutambua muujiza huo, na tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa Mwenyeheri hapo Nyeri.

Ndugu zetu wengine hutuuliza kama tunamwabudu. La. Tunamwabudu Mungu peke yake. Nyaatha tunamwomba atuombee, kama tunavyoombeana katika jumuiya ndogo ndogo. Huruma iliyompa jina aliipokea kwa Mungu, akaenda kumhudumia Kristo katika wagonjwa. Anayemfuata Nyaatha kwa kweli atajikuta huko huko, kando ya kitanda cha mgonjwa, mbele ya Kristo.

Wanakwaya, nasi tujipime. Waumini wakitoka Misani wakisifu sauti zetu tu, hatujawafikisha. Basi sherehe ikiisha, kila mmoja wetu amtembelee mgonjwa mmoja wa jumuiya yake, amwimbie wimbo mmoja na kusali naye.

Mwenyeheri Irene Stefani, utuombee.