Tingatinga: jina la mtu kabla ya kuwa jina la bidhaa

NYAKABANDA, Kigali – Mfanyabiashara anayeleta mzigo kutoka Dar es Salaam kupitia Rusumo anazijua picha hizi: twiga, chui na ndege wa rangi kali zinazong'aa. Wengi huziita tingatinga bila kujua kwamba hilo lilikuwa jina la mtu.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania, katika familia ya wakulima. Alisoma miaka michache tu. Ujanani alikwenda Tanga kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, kisha akahamia Dar es Salaam, ambako alifanya kazi za nyumbani kwa Mzungu na vibarua vingine.

Alianza kuchora mwaka 1968, akiwa na miaka 36. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alitumia vipande vya mbao za dari, mraba wa sentimita 60 hivi, na rangi ya kupakia baiskeli. Inaelezwa kwamba aliwaona Wakongo wakiuza picha zao mjini, naye akaona anaweza. Biashara hii, basi, tangu mwanzo ilikuwa ya kuvuka mipaka.

Soko lake lilikuwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oyster Bay, walikoishi wageni wengi. Mkewe, Agatha, alimsaidia kuuza. Baadaye shirika la umma likaanza kununua kazi zake. Wateja walipoongezeka, aliwaita ndugu na vijana wa nyumbani, akawafundisha.

Mwaka 1972 polisi wa Dar es Salaam walilipiga risasi gari alilokuwamo, wakidhani ni la majambazi. Alifariki akiwa na miaka 40, baada ya kuchora kwa miaka minne tu.

Wanafunzi wake hawakuacha. Walifundisha wengine, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Leo mtindo huo unauzwa Nairobi, Zanzibar, Kigali na hata Ulaya, na picha zake halisi zina bei kubwa kuliko alizopata akiwa hai.

Yeye alitia jina lake kwenye picha zake. Unaponunua mzigo wa kuuza, muulize muuzaji nani amechora, kisha mtajie mteja wako jina hilo. Aliyechora naye anajenga soko lake.