Russell Long: mtunga kodi aliyehamia upande wa pili

Wadau, juzi nilibishana na jamaa yangu kuhusu wanasiasa wanaostaafu halafu wanarudi mlango wa nyuma, wakilipwa na makampuni kuwashawishi wenzao waliobaki. Nikamtajia Russell Long wa Louisiana, Marekani, aliyefariki 2003.

Baba yake ndiye Huey Long, yule seneta aliyetaka mali ya matajiri ipunguzwe wagawiwe maskini. Alipigwa risasi Septemba 1935 ndani ya jengo la bunge la jimbo, Baton Rouge. Russell alikuwa na miaka 16.

Mwaka 1948 kijana akachaguliwa seneta, siku moja kabla ya kutimiza miaka 30, umri ambao katiba yao inautaka. Akakaa mpaka Januari 1987. Miaka 38 jamani! Na tangu 1966 hadi 1981 ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Kamati ya Fedha ya Seneti, jiko la sheria za kodi.

Sasa hapa ndo ananichanganya. Kwa miaka mingi aliilinda nafuu iliyoruhusu wenye visima vya mafuta wasitozwe kodi kwenye asilimia 27.5 ya mapato ya kisima (1969 ikashushwa hadi 22), na yeye mwenyewe alikuwa na mapato ya mafuta, wala hakuficha. Lakini huyohuyo ndiye aliyesukuma nafuu ya 1975 kwa wafanyakazi wa kipato kidogo wenye watoto: kama kodi unayodaiwa ni ndogo kuliko nafuu yako, serikali inakupa chenji. Ilianza na dola 400 kwa mwaka, na bado ipo. Tusisahau pia kwamba 1964 alipiga kura kupinga Sheria ya Haki za Raia, watu weusi wa jimbo lake wakiwemo. Hilo mimi simsamehei.

Alipotoka Seneti hakwenda kuvua samaki. Alijiunga na kampuni kubwa ya mawakili, Finley Kumble, ikasambaratika muda mfupi baadaye, akafungua yake Washington na kufanya kazi ya ushawishi. Hakuvunja sheria yoyote. Sheria ya kuwazuia wabunge mwaka mzima baada ya kutoka ilipitishwa 1989, na 2007 maseneta wakaongezewa ikawa miwili.

Jamaa yangu anasema miwili inatosha. Mimi nasema simu za washkaji hazifutiki kwa miaka miwili. Nyie mnaonaje?