Rwagasore: Mwanamfalme aliyewafundisha Warundi kugoma

KILA ifikapo Oktoba 13, ofisi hufungwa nchini Burundi na viongozi hupanda kilima cha Vugizo, Bujumbura, kuweka mashada ya maua kwenye kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore. Redio husimulia jinsi alivyopigwa risasi mwaka 1961, na wasemaji humsifu kuwa shujaa wa uhuru na umoja. Yote hayo ni kweli.

Lakini sisi tuliokulia Rumonge, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, katikati ya michikichi na harufu ya ndagala walioanikwa juani, tunaona kuna upande wa maisha yake ambao hotuba huupita haraka. Rwagasore alikuwa mtu wa mgomo. Silaha yake haikuwa bunduki, bali kuwaambia watu wanyonge kwamba wanaweza kukataa, na wakikataa kwa pamoja serikali itayumba. Leo nataka kumweleza msomaji Rwagasore huyo.

Alizaliwa Gitega Januari 10, 1932, mtoto wa kiume wa kwanza wa Mwami Mwambutsa Bangiricenge. Alisoma shule za wamisheni, kisha akapelekwa Groupe Scolaire ya Astrida, mji ambao leo unaitwa Huye huko Rwanda, mahali ambapo Wabelgiji waliwaandaa watoto wa machifu kuwa watumishi wao. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikwenda kusoma Antwerp, Ubelgiji, akarudi nyumbani mwaka 1956.

Wakoloni walitarajia kupata kijana mtiifu wa kuketi ofisini. Alichofanya ni kwenda kwa wafanyabiashara wadogo.

Ili kuelewa uamuzi huo, ni lazima kukumbuka hali ya nchi wakati ule. Ruanda-Urundi ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, lakini mtawala alikuwa Mbelgiji. Mkulima alilipa kodi ya kichwa, alilimishwa mazao ya lazima na kufanyishwa kazi za barabara, na nyuma yake kulikuwa na kiboko. Maelfu walikimbilia Uganda na Tanganyika kutafuta vibarua. Biashara kubwa ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji, Wagiriki na Waasia, naye mchuuzi Mwafrika alinunua kwao kwa bei waliyopanga wao.

Mwezi Juni 1957 Rwagasore alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi, ili wenye maduka madogo wanunue bidhaa kwa pamoja na kujikomboa na walanguzi. Hapo ndipo alipokutana na Waswahili wa Buyenzi, mtaa wa Waislamu mjini Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa. Watu hao, sawa na ndugu zao wa vituo vya mwambao kama Rumonge na Nyanza-Lac, hawakuwa na ng'ombe wala utemi. Walikuwa na lugha ya Kiswahili, mitumbwi, mizani na mazoea ya kukopeshana kwa kuaminiana. Pia walifahamu mambo ya Tanganyika, maana bidhaa na habari zilipitia Kigoma. Mwalimu Julius Nyerere wa TANU alikuja kuwa rafiki na msaada mkubwa kwa mwanamfalme.

Ushirika ule ulipata matatizo ya fedha, na watawala hawakuutakia mema. Hata hivyo, ulikuwa umeacha mtandao wa watu waliojuana na kuaminiana, na chama cha UPRONA, kilichosajiliwa mwanzoni mwa mwaka 1960, kilikuta njia imeshafyekwa.

Wabelgiji walipoona moto unawaka, walipiga marufuku ndugu wa karibu wa Mwami kushiriki siasa. Rwagasore akabaki kuitwa mshauri tu wa chama alichokijenga mwenyewe. Jibu lake mwaka huo wa 1960 lilikuwa kuwataka wananchi wasusie maduka ya Wabelgiji na wakatae kulipa kodi.

Tutazame ukali wa silaha hiyo. Serikali ya kikoloni iliishi kwa kodi ya mkulima, na duka liliishi kwa senti ya mkulima yuleyule. Mtu aliyeonekana hana chochote ndiye aliyekuwa akiwalisha wote wawili. Asiponunua wala kulipa, hakuna haja ya kurusha jiwe hata moja.

Wakoloni walielewa hilo upesi. Oktoba 27, 1960 walimkamata Rwagasore na kumweka kizuizini Bururi, kule milimani juu ya mwambao wetu wa Rumonge. Alizuiwa huko hadi Desemba 9, kipindi chote cha uchaguzi wa mabaraza ya tarafa. Bila yeye, chama cha PDC, kilichopendwa na utawala, kiliongoza kwa viti 942, na UPRONA ikapata 545.

Sasa naomba msomaji aangalie kilichotokea Ubelgiji kwenyewe siku chache baadaye. Desemba 20, 1960 watumishi wa halmashauri za miji waliweka kazi chini, wakafuatwa na walimu, wafanyakazi wa reli, wa bandari ya Antwerp na wa viwanda vya chuma vya Liège. Walikuwa wakipinga sheria ya Waziri Mkuu Gaston Eyskens iliyojulikana kama Loi unique, ambayo ilipandisha kodi, ikabana matumizi ya serikali na kugusa pensheni za watumishi wa umma. Moja ya sababu zilizotolewa ni kwamba kupotea kwa Kongo kumetoboa mfuko wa taifa. Mamia ya maelfu waligoma kwa karibu mwezi mzima, na watu kadhaa walipoteza maisha.

Sheria ilipita bungeni Januari 1961, lakini Eyskens alilipa gharama: uchaguzi wa Machi ulimwondoa madarakani. Serikali iliyofuata, Paul-Henri Spaak akiwa waziri wa mambo ya nje, ilikuwa tayari zaidi kushirikiana na Umoja wa Mataifa kuhusu Ruanda-Urundi.

Jambo hili hunifikirisha kila ninapolisoma. Karani wa Liège aliyegoma alihesabiwa kuwa raia anayedai haki yake. Mrundi aliyekataa kununua sabuni ya Mbelgiji alihesabiwa kuwa mhaini, na aliyemshauri akafungiwa Bururi. Watawala walikuwa walewale, mwaka uleule.

Septemba 18, 1961 Warundi walipiga kura, safari hii mbele ya wasimamizi wa Umoja wa Mataifa. UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64. Wahutu, Watutsi, Waganwa na Waswahili walimpigia kura mtu mmoja. Mwishoni mwa mwezi huo Rwagasore akawa Waziri Mkuu, akiwa na umri wa miaka 29.

Hakukaa hata majuma matatu. Usiku wa Oktoba 13, akiwa mezani katika hoteli ya Tanganyika kando ya ziwa, alipigwa risasi na Mgiriki Jean Kageorgis. Nyuma ya muuaji walikuwepo viongozi wa PDC. Kageorgis alitekelezewa hukumu ya kifo Juni 30, 1962, siku moja kabla ya uhuru, na wenzake watano walinyongwa Januari 1963.

Kama habari ingeishia hapo, tungelia na kunyamaza. Lakini ipo sehemu chungu zaidi. Januari 1962, hata kabla ya bendera ya uhuru kupanda, vijana wa UPRONA waliojiita kwa jina la Rwagasore walivamia Kamenge na kuwaua viongozi wa vyama vya wafanyakazi vya Kikristo na wa upinzani. Jina la mtu aliyefundisha kukataa bila damu lilitumika kuwaua wengine waliothubutu kujipanga. Mwaka 1966 UPRONA ikawa chama pekee, na muda si mrefu wafanyakazi wote wakaswagwa ndani ya chama kimoja cha wafanyakazi kilichokuwa chini yake. Aliyetaka kugoma aligoma moyoni.

Ilibidi kungoja miaka ya 1990 vyama huru virudi. Katika miaka ya 2000 walimu na wauguzi wa serikali waligoma mara kadhaa wakidai mishahara na ahadi zilizosahauliwa, na kila mara walikuwepo wakubwa waliowaita maadui wa nchi. Ni lugha ya Wabelgiji wa mwaka 1960.

Kwa maoni yangu, shada la Oktoba 13 halitoshi. Kumuenzi Rwagasore ni kumsikiliza mwalimu anapoweka chaki chini, hata kama hatukubaliani naye. Serikali inayojiita mrithi wake haina budi kukumbuka kwamba yeye mwenyewe aliwekwa kizuizini kwa kosa hilohilo la kuwaambia watu kwamba wana haki ya kukataa.