Louis Pasteur: Kuvu Ilipomfundisha Msomi

Louis Pasteur alizaliwa katika familia Katoliki mjini Dole, Ufaransa, tarehe 27 Desemba 1822. Baba yake alikuwa mtengeneza ngozi.

Mwaka 1848 alichunguza kwa hadubini fuwele za chumvi ya asidi ipatikanayo katika divai. Akaona ni za namna mbili, zikifanana kama mkono wa kulia na wa kushoto, akazitenganisha moja moja kwa mkono. Miaka kumi hivi baadaye kuvu ilimwonyesha njia nyingine: ilikula asidi ya kulia, ikaacha ya kushoto. Leo viwanda hutumia vijidudu na vimeng'enya vivyo hivyo, kwani dawa ya upande mmoja yaweza kuponya, na ya upande wa pili isifae.

Aliwazika watoto watatu kati ya watano, lakini hakuiacha kazi. Mwaka 1885 akatoa chanjo ya kichaa cha mbwa. Alifariki tarehe 28 Septemba 1895, akaagwa katika Kanisa Kuu la Notre-Dame, Paris.

Sisi wa Kilosa na Mikumi, tunaogandisha maziwa kwa vijidudu hivyo hivyo visivyoonekana, tusimzuie mtoto kusoma sayansi kwa kuhofia imani yake. Anayechunguza viumbe kwa unyofu huchunguza kazi ya Muumba.